Ombi la Kuondolewa Shingoni mwa Mama Fundi

Kwa Mwalimu wetu wa jiu-jitsu,

Shikamoo, na samahani kwa kuandikiwa barua na mtu unayemwona kila wiki. Ningekwambia ana kwa ana, lakini nimesomeshwa kwa lugha mbili, na zote mbili nanyamaza vizuri sana. Ndiyo maana mama alinileta kwako: "Mfundishe huyu, hata salamu anaitoa kama anaomba msamaha." Nashukuru kwa juhudi zako. Sasa naomba uniondoe darasani kabla ya Jumamosi, siku uliyonipanga kupambana na mwanafunzi mwenzangu Mama Fundi mbele ya wazazi wote. Malalamiko yangu ni haya:

1. Gadi yenyewe, huo mkao wa kupigana umelala chali. Mahali pengine popote, mtu akiwa chali na mwenzake yuko juu yake, tunasema yamemkuta na tunampa pole. Kwako ndiyo kwanza mambo yamemnyookea! "Mfungie miguu kiunoni, umeshamshika!" Mwalimu, mimi ninayehesabu taa za dari ndiye niliyeshika? Basi na panya aliye chini ya paka apewe mkanda.

2. Ukaribu. Mimi kwenye lifti nageukia ukuta. Hapa natakiwa nimvute mtu mzima mpaka jasho la kidevu chake linidondokee jichoni, halafu unauliza kwa nini nafumba macho.

3. Mama Fundi. Hili ndilo linaloniuma. Ni fundi cherehani, shoga yake mama, na sare zangu zote za shule ameshona yeye. Tukifika ukumbini namwamkia, ananiitikia "marahaba mwanangu," ananiuliza masomo yanaendaje. Kabla sijamjibu, wewe unapiga makofi, na mimi natakiwa nimpitishie paja begani mtu ambaye marahaba yake haijapoa, nimkabe. Nimelelewa wapi mimi?

4. Nimejaribu kuchanganya adabu na pembetatu, ile kabari ya miguu, imeshindikana. Wiki iliyopita niliipata kwa bahati tu: mkono wake mmoja ndani, mwingine nje, shingo imenasa katikati ya miguu yangu. Akakohoa. Nikasikia mtu mzima anakohoa, nikaachia. Nikamwambia, "Pole, mama, nikuletee maji?" Alinigeuza kama godoro la kuanikwa, akanikalia kifuani, akasema, "Heshima iache mlangoni na viatu, mwanangu. Hapa nipe kabari!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Yule kaka mchomeleaji vyuma tangu siku hiyo ananiita Muuguzi. "Muuguzi, leo zamu yako wodi gani?"

5. Kugonga. Unasema aliyezidiwa amgonge mwenzake kwa kiganja, ataachiwa. Mimi hugonga kabla sijashikwa, kusudi nisimsumbue mtu. Juzi nilimgonga Mama Fundi wakati mkono uliokunjwa ni wake. Akashangaa: "Sasa wewe unajisalimisha kwa nani?"

Kama huwezi kuniondoa, basi badilisha sheria. Anayetaka kukaba aombe kwa maandishi, na anayekabwa apewe muda wa kutafakari. Mdogo asimkunje mkubwa mkono bila idhini ya familia. Mwenye haya ahesabiwe mshindi akishafika mlangoni. Hayo yakiwa mazito, futa gadi. Gadi ikigoma kufutika, kunja mikeka, tuwekee viti, kila mtu asome kuhusu jiu-jitsu kimyakimya, akigeukia ukuta wake.

Nikisema kweli, Mwalimu, kushindwa hakunitishi, nimeshazoea. Naogopa kushinda. Hebu fikiria: nimemlaza rafiki wa mama, mama yuko pale kwenye benchi, watu wote wananitazama, na uso sina pa kuuweka.

Nisalimie wote darasani, pamoja na kaka mchomeleaji, ingawa hastahili. Yule dada wa mapokezi ambaye kila jioni namwinamia tu na kupita, mwambie nilikuwa namaanisha habari za jioni.

Ni mimi mwanafunzi wako,
yule wa pembeni karibu na dirisha.

N.B. Barua imechelewa kwa sababu niliipitisha kwanza kwa Mama Fundi, nisije nikamsengenya. Aliisoma yote, mguu ukiwa bado kwenye pedeli ya cherehani, na hakucheka hata kidogo. Akasema adabu yangu haina kosa, kosa liko kwenye nyonga: nabana magoti huku nimelala sambamba naye, badala ya kuchepuka pembeni na kumvuta kichwa chini. Tukasogeza vitambaa, tukajaribu palepale sakafuni. Akagonga! Nilipiga ukelele mpaka mteja aliyefuata suruali yake akarudi nje. Tafadhali, Jumamosi tupange wa kwanza kabisa. Mama ana safari mchana, na nataka aone.