Kamera Kwenye Pipa la Mbege

Washikaji, leo nimetumbukiza kamera kwenye pipa la mbege, ile pombe yetu ya ndizi na ulezi, iliyoandaliwa kwa posa ya kaka yangu. Kwa makusudi. Nikiwa na akili timamu, na chai nimeshakunywa.

Nianzie mwanzo, maana mkisikia mwisho peke yake mtasema nimerogwa.

Kamera ni ya binamu Godi, yule anayewapiga picha watu wakiogelea kwenye chemchemi. Inakaa ndani ya kasha gumu la plastiki lisiloingiza maji, lenye mishikio miwili na mkono wa kubeba taa. Mgonjwa ni huo mkono. Ukiuinua unakaa kidogo, halafu unainama taratibu kama mtu aliyesinzia kanisani. Godi aliniletea hapa Marangu kwa sababu niliwahi kumtengenezea redio (ilipona siku mbili, lakini ilipona). Tukakubaliana: niutibu mkono, na leo niitumie kamera kupiga video ya posa ya kaka Deo. Alinionya jambo moja tu, nisiijaribu kwenye maji machafu.

Jana nikafungua skrubu. Pale mkono unapokunjika kama goti, mpira ulikuwa umelika wote. Nikazungushia ile tepu nyeupe ya mafundi bomba. Ikashika vizuri. Nikazamisha kwenye ndoo, ikateleza. Nikakata kipande cha tyubu ya baiskeli. Pakavu kinang'ang'ania kama kupe, majini kinateleza kama kambale. Kwa nini? Nilikaa na ile ndoo mpaka Mama akaniuliza kama nimepoteza kitu humo ndani. Mwisho nikapata jibu: nahitaji kitu laini, kinachobonyea, kisichoteleza kikilowa. Yaani kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya bafuni.

Ndala mpya za Mama zilikuwa mlangoni. Za njano, zenye maua ya buluu.

Nilikata kidogo tu, kwenye kisigino cha kushoto. (Mama hukanyagia zaidi mguu wa kulia. Nilimchunguza kwanza.) Nikakaza skrubu, nikazamisha. Mkono ukasimama kama askari wa getini.

Leo asubuhi Mama akaiona ndala yake. Akamtazama Bobi, mbwa wetu. Bobi akakimbilia kwenye migomba na fagio likamfuata nyuma. Mimi nikaendelea kunywa chai.

Sasa, mbege. Pipa la buluu lilikuwa kibandani, likisubiri kupelekwa Mwika kwa kina Prisca, mchumba wa kaka Deo. Mama alihangaika nayo wiki nzima. Nikaweka sikio kwenye pipa. Ilikuwa inanong'ona. Mwalimu wa kemia ametuambia ni gesi, sawa, lakini inaanzia wapi? Chini? Pembeni? Na kitu kinachochemka bila moto kinafananaje kwa ndani? Ukoo mzima umeinywa toka enzi za mababu, hakuna hata mmoja aliyewahi kuingia kuangalia. Halafu mbege siyo maji machafu. (Mbege siyo maji kabisa.)

Nikaliosha kasha kwa sabuni mara mbili, nikawasha taa, nikashusha. Pipa lote likawaka. Kibanda kikawa buluu, kuku wakanyamaza. Nilihisi kama nimefungua mlango ambao haujawahi kufunguliwa.

Nilipopandisha kamera, mkono ulikuwa unaning'inia na kile kipande cha ndala hakipo. Nikatafuta sakafuni. Nikatafuta mfukoni. Pipani sikutafuta, kwa sababu baba mdogo alishapiga honi ya pikapu, na kwa sababu nilikuwa najua.

Muelewe kwamba kwa kaka Deo leo ilikuwa ndiyo siku yenyewe. Kina Prisca wana sifa. Kuna kijana waliwahi kumrudisha kwao kwa sababu wajumbe wake walileta mbege iliyoharibika. Wakasema watu wasioweza kutunza pipa hawawezi kutunza binti.

Tukapokewa vizuri, shikamoo zikazunguka uwanja mzima. Baba mdogo, msemaji wetu, akachota kata ya kwanza na kunywa mbele ya wenyeji, kama inavyotakiwa, ili waone hatukuwaletea sumu. Akasifia. Kata ya pili akapewa babu yake Prisca, mzee ambaye wote wanamwita Meku. Mimi nilikuwa nyuma ya kamera, nimeomba sala zote ninazozijua pamoja na moja ya kula.

Meku akanywa. Akasita. Akatafuna.

Akatafuna tena.

Halafu akatoa mdomoni kitu cha njano chenye nusu ua la buluu, akakigeuza kwenye mwanga.

"Ndizi gani hii?" akauliza kwa upole. "Nimeitafuna imekataa."

Baba mdogo akawahi. "Hicho ni kizibo cha pipa, mzee wetu."

"Kizibo kina ua?"

Kaka Deo alikuwa amegeuka rangi ya majivu. Mama alilitazama lile ua, kisha akanitazama mimi, na nikaona Bobi akipita kichwani mwake.

Nikasimama. Nikasema shikamoo Meku, ingawa nilishamwamkia, na nikaungama kila kitu mbele ya koo mbili: mkono, tyubu, ndala, pipa. Nikaomba asimhukumu kaka Deo kwa upumbavu wangu.

Meku akakigeuza tena kile kipande, akauliza, "Uliona nini humo ndani?"

Nilimpelekea kamera. Kwenye video unaona weusi, halafu chembe za ulezi, mamia. Kila chembe imelala chini, povu dogo linaishika, linaibeba juu. Juu povu linapasuka, chembe inashuka. Chini inapata povu jingine. Inapanda tena.

"Nani anazituma?" akauliza.

Nikamwambia gesi.

"Gesi," akarudia, kama nimemtajia mtu asiyemfahamu. Akaangalia tena. Mara ya nne akawaita wazee wenzake, wakainamisha vichwa juu ya kioo kidogo, na hotuba ya baba mdogo ikafia hapo hapo. Mmoja akasema ndiyo maana tumbo lake halitulii.

Uamuzi aliutoa Meku mwenyewe. "Hili pipa limeshaonja kiatu. Mlete lingine, tutalinywa na tutazungumza. Na huyu kijana aje na hiyo picha." Kaka Deo akavuta pumzi, nadhani ya kwanza tangu lile ua litoke mdomoni kwa Meku.

Pipa jipya ni wiki nyingine nzima ya Mama jikoni, na wote kwenye pikapu tulilijua hilo. Tulipofika nyumbani Mama alivua viatu vyake vya kanisani, akavaa zile ndala, akatembea hatua tatu kama anayeteremka mlima kwa mguu mmoja. Bobi akachungulia kutoka kwenye migomba. Mama akamtazama. Akanigeukia.

"Kesho kabla ya misa utamwomba Bobi msamaha. Kwa sauti. Nitakuwa nimesimama hapa mlangoni."