Taulo Moto, Bendi Niliyoitunga Mwenyewe

Jumatatu, 3 Machi

Nusura nimeze msumari! Dukani kwetu kwa fremu, misumari midogo huwa naibana midomoni mikono ikiwa na kazi. Akaingia Mwalimu wa piano, mama mstaafu, mpole, na picha ya marehemu mdogo wake anayotaka itiwe fremu. Nikatupa jicho. Kijana, dramu, na kwenye dramu imechorwa misumari saba. Lo! Misumari Saba! Bendi ya roki ya gereji, ya miaka ile ya sitini. Vijana wanne waliojifungia kwenye gereji ya kweli, wakatoa santuri moja yenye kelele za ajabu, wakasambaratika. Hakuna aliyewajua wakati ule na hakuna anayewajua sasa. Ndiyo maana nimewatafuta tangu kabla sijaoa.

Nikatema msumari. Nikauliza, kama mtu asiyejali, iwapo marehemu aliacha chochote. Akasema lipo boksi. Anahamia kwa binti yake, Jumamosi anagawa vyombo, atakayewahi atachukua. Nikamwambia fremu ni zawadi yangu. Akanishukuru, akasema sasa anapita kwa Kinyozi kubandika tangazo. Kwa Kinyozi! Mkusanyaji mwenzangu wa santuri, mtu pekee mtaani anayejua Misumari Saba ni nini! Nikamwomba aniachie mimi hilo tangazo, jua kali, asijisumbue. Nimelibandika. Ndani ya kabati langu.

Jumanne, 4 Machi

Siri haijamaliza hata siku. Nimekaa kwenye kiti cha Kinyozi, povu mpaka masikioni, ananiambia kasikia Mwalimu anahama, naye Jumamosi huenda akapita kuangalia viti. Viti! Nikaliona boksi langu linaondoka hivi hivi.

Ilibidi nimpeleke mbali. Nikamnong'oneza kwamba ipo bendi moja ya gereji adimu kuliko zote. Akauliza jina. Jina! Sikuwa nalo. Nikainua macho, nikaona taulo linafuka mvuke kwenye beseni. Taulo Moto, nikasema. Walirekodi kwenye karakana ya matairi, nikaendelea, mwimbaji ana mafua, gitaa linapita kwenye spika iliyopasuka. Santuri zao zimebaki chache tu, kwenye ghala moja kule mji wa mwisho wa reli, na ghala lenyewe hufunguliwa Jumamosi. Wembe ukasimama hewani mkononi mwake. Mtu anazungukwa na mataulo ya moto siku nzima, asishtuke! Nimerudi nyumbani shavu moja limenyolewa, moja bado, nikicheka peke yangu njiani.

Jumatano, 5 Machi

Sijui nianzie wapi. Muuza magazeti kanisimamisha asubuhi, eti kasikia watu wanaitafuta Taulo Moto. Anawakumbuka vizuri sana! Walikuwa na wapiga dramu wawili! Nikamkazia macho. Hakupepesa. Mchana fundi viatu naye, kasema shangazi yake alichumbiwa na mwimbaji wao, uchumba ukavunjika kwa sababu ya yale mafua. Jamani, watu waongo! Watu wazima, mvi kichwani, wanadanganya mchana kweupe kuhusu bendi niliyoitunga mimi nikiwa na povu usoni. Maadili yamekwisha kabisa mtaa huu.

Lakini wapiga dramu wawili... Si wazo baya.

Jumamosi, 8 Machi

Ninayo! Ninayo! Kinyozi kaondoka na treni ya alfajiri, nimemshuhudia mwenyewe nikiwa nyuma ya nguzo. Nikawa wa kwanza mlangoni kwa Mwalimu, hajafungua hata mapazia. Boksi lenyewe: soksi, vijiti vya dramu, na chini kabisa santuri, jalada la karatasi ya kaki. Nikalibusu jalada hadi Mwalimu akanipa maji ya kunywa.

Hakutaka chochote. Ila ana ombi. Mwisho wa upande wa pili, mlango wa gereji ulianguka, mdogo wake akacheka, na kicheko kikaingia kwenye santuri. Hana sauti nyingine ya mdogo wake duniani. Gramafoni yake iliharibika zamani. Anaomba Jumapili awe anakuja kwangu, asikie kile kicheko tu, kisha aende zake. Nikaapa. Nikamwapia kwa mama yangu mzazi. Nilikuwa namaanisha kila neno.

Mama watoto kanikumbusha sheria ya nyumba: ikiingia santuri moja, itoke moja, maana nguo zake zinaning'inia mlangoni na kabati lote ni la santuri zangu. Nimesema nitalishughulikia.

Jumapili, 9 Machi

Mwalimu kaja, kavaa viatu vya kutokea. Nikapiga. Ni kama sufuria zinaporomoka ngazini na mtu anazigombeza. Raha iliyoje! Kisha kishindo cha mlango, na kicheko: cha kijana, cha puani, kinakwama katikati kama cha mtu aliyepaliwa. Mwalimu akafumba macho. Akaomba nirudie. Mama watoto, ambaye hajawahi kukaa chini kusikiliza santuri yangu hata moja, akaja akakaa karibu yake, akamshika mkono. Mimi mwenyewe jicho liliniwasha.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekaa. Nimesimama. Nimekaa tena. Kinyozi karudi na santuri ya Taulo Moto!

Nilimwambia haiwezekani. Akauliza kwa nini isiwezekane, si mimi niliyemwelekeza? Na ipo! Lebo nyeupe, jina limeandikwa kwa mkono, gundi bado ina unyevunyevu, bila shaka ni joto la ghala. Chini ya lebo vimenasa vinywele vifupi. Vya mpiga gitaa, nadhani. Enzi zile walifanya kila kitu wenyewe. Akapiga upande wa kwanza. Dramu mbili! Nimezisikia kwa masikio yangu haya! Na mwimbaji ana mafua! Upande wa pili kasema tusiuchoshe, santuri imezeeka.

Nimefikiri sana. Mtu hatungi kitu hivi hivi. Lazima niliwasikia utotoni, nikasahau, akili ikawahifadhi. Kumbe sikuitunga Taulo Moto, niliikumbuka!

Kinyozi haiuzi. Anabadilishana tu, na anataka Misumari Saba. Nikamfikiria Mwalimu. Kwa kweli nilimfikiria, tena nikiwa nimesimama. Kisha nikafikiria sheria ya nyumba: iingie moja, itoke moja. Sheria ni sheria. Kinyozi kanipa mkono, akanimalizia na lile shavu la pili bure.

Jumanne, 11 Machi

Mungu wangu! Leo nimeshindwa kuvumilia, nikaweka upande wa pili. Ikafika katikati, ikaanza kukwama: njoo, njoo, njoo, njoo. Mara ukuta wa jikoni ukagongwa, pu! Sindano ikaruka, wimbo ukaendelea. Mama watoto akatokea na mwiko mkononi, akauliza tangu lini ile takataka ya Breki Mbovu imerudi nyumbani kwake.

Breki Mbovu! Wale wafufuaji wa roki ya gereji wa miaka ya themanini, waliovaa suruali za baba zao na kurekodi vibaya makusudi ili waonekane wa zamani! Nilikuwa nayo. Ilikwama hapo hapo tangu nilipoiangushia pasi, na mama watoto alikuwa akigonga ukuta hapo hapo. Niliitoa mwenyewe mwaka juzi. Nikamwapia aliyeichukua kuwa ni ya miaka ya sitini, halisi, asiulize maswali. Aliyeichukua ni Kinyozi.

Jumatano, 12 Machi

Nimekwenda kwa Kinyozi nafoka. Nikamwita tapeli mbele ya wateja wake. Yeye ananoa wembe tu. Akasema kule mwisho wa reli hakuna ghala, kuna banda la kuku, na mwenye kuku alimcheka mpaka akamwonea huruma. Kisha akaniuliza kwa upole kabisa: kama hii si ya Taulo Moto, je, ya kweli ikoje, ndugu yangu? Tueleze. Wateja wote wakanigeukia. Muuza magazeti akadakia kwamba ya kweli ina wapiga dramu wawili.

Nikatoka. Mtu kunipiga changa la macho kwa uongo wangu mwenyewe! Dunia imeharibika.

Jumapili, 16 Machi

Siku ya Mwalimu. Lakini mimi si mtu wa kukosa njia. Nikaweka Breki Mbovu, sauti ya chini, na mwisho ulipokaribia nikasema naenda kuangalia dirisha. Nikajibana nyuma ya mlango wa chumbani, nikaubamiza, nikacheka. Kicheko cha kijana, cha puani, nikajikwamisha katikati. Nadhani nilikuwa nacheka vizuri tu. Halafu nikapaliwa kweli. Nikakohoa mpaka nikatoka mafichoni machozi yananitiririka.

Mwalimu alikuwa ameshasimama. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza! Alisema tu, mwanangu, yule nilimlea mimi. Akachukua mkoba wake. Mama watoto kamsindikiza, na aliporudi hakunisemesha. Nimeona aibu ambayo sijapata kuiona. Naandika hapa nisije nikasahau: sibadilishi tena kitu nilichokabidhiwa na mtu. Sidanganyi tena. Basi.

Jumatatu, 17 Machi

Kampa! Kinyozi kampa Mwalimu Misumari Saba! Mama watoto alimpitisha pale jana wakati wa kumsindikiza, akasimulia yote, na Kinyozi akaishusha kutoka rafuni, akaipangusa kwa taulo, akampa. Bure! Mkusanyaji gani anafanya hivyo? Nimeshindwa kula.

Na Mwalimu, kwa moyo aliojaliwa, kapita dukani kuchukua picha ya mdogo wake. Akasema yaliyopita yamepita. Santuri anayo, gramafoni hana, na mtaa mzima iliyobaki inafanya kazi ni yangu tu, hata ya Kinyozi imekufa juzi. Jumapili atakuja na santuri yake tusikilize wote. Nikamshika mikono yote miwili. Nikamwambia gramafoni yangu ni yake Jumapili zote za maisha yake. Jioni nimeisafisha, nimeitia sindano mpya. Mama watoto kanisemesha, ingawa ni kuniambia nisogee.

Alhamisi, 20 Machi

Siamini! Muuza magazeti kaniletea habari motomoto: imepatikana santuri ya pili ya Taulo Moto! Najua, najua. Ile ya kwanza ilikuwa ya uongo. Lakini nani anajisumbua kughushi kitu ambacho hakipo? Kama kuna ya bandia, ya kweli lazima iwepo mahali. Tena hii ina wapiga dramu watatu! Mwenye nayo hataki fedha. Anataka gramafoni tu.

Nimeshaipeleka. Santuri ninayo hapa mapajani, lebo yake bado mbichi. Mama watoto kauliza nitaipigia nini. Wivu tu. Kauliza tena, Jumapili Mwalimu akija na santuri yake itakuwaje. Hilo nimelifikiria, mimi si mtoto. Mara ile nilichokosea ni kikohozi. Tangu jioni niko nyuma ya mlango wa chumbani, najizoeza kucheka.