Koti la Vifungo Saba na Barua za Wazazi Sita

Jumatatu, 3 Machi

Koti limeguswa. Sina shaka. Mimi hulitundika ndoano ya hanga ikitazama ukutani, kama alivyolitundika marehemu mke wangu. Leo asubuhi ndoano ilikuwa inatazama mlangoni. Koti halijigeuzi lenyewe.

Namshuku Binti Tepu. Ndiye fundi wetu mpya, wiki ya tatu sasa. Anakalia kiti cha marehemu, tepu ya kupimia haimtoki shingoni. Ana adabu mno. Ananiita baba. Ananiletea chai kabla sijaomba. Mtu wa hivyo ana jambo.

Niandike wazi, maana siku mambo yakiharibika nitahitaji ushahidi. Mimi ni mtunza mavazi wa kipindi cha watoto cha televisheni. Kila Ijumaa mtu maarufu anakuja kuwasomea watoto hadithi, na kila mgeni huvaa koti la njano lenye vifungo saba, hakuna viwili vinavyofanana. Marehemu alilishona miaka kumi na moja iliyopita, siku mwanamieleka alipotufikia kifua wazi, kajipaka mafuta, anang'aa kama sufuria jipya. Mwili wa koti aliumaliza mchana ule ule. Matundu ya vifungo aliyarudia kwa mkono, wiki nzima, mdomo kaubana kama anayehesabu kura. Tangu hapo watoto majumbani huhesabu vifungo kwa sauti kabla ya hadithi kuanza.

Ametutoka miezi minane sasa. Kastabini yake, kile kikofia cha chuma cha kukinga kidole na sindano, bado imo kwenye mfuko wa kushoto wa koti. Sijaitoa. Hakuna anayejua.

Ijumaa iliyopita mwimbaji alikuja na gauni lisilo na mgongo. Akakataa koti, akasema taa za studio zinamchemsha. Sasa Mkurugenzi ameitisha kikao keshokutwa: wageni maarufu wavae nini mbele ya watoto? Na nimemsikia Binti Tepu, kwa masikio yangu haya, akimwambia koti limechakaa kiwikoni.

Limechakaa! Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Na mwenye nguo ni mimi.

Jumanne, 4 Machi

Nimechungulia sanduku la barua la kipindi. Barua tisa. Nne zinalaani gauni. Nne zinauliza fundi wa gauni anapatikana wapi. Moja ni ya mtoto, anauliza koti liko wapi, au linaumwa? Hiyo nimeikunja nikaitia mfukoni. Si wizi. Ni hifadhi.

Nne kwa nne haitoshi. Wazazi wengine wana uchungu lakini ni wavivu wa kuandika. Nimewasaidia. Barua sita, kalamu sita. Kuna Baba wa Mapacha. Kuna Bibi Mlezi. Kuna Mama Mwenye Uchungu, huyu nimemwandikia kwa mkono wa kushoto. Wote wanataka jambo moja: kila mgeni avae koti la njano, bila hiari.

Shemeji, mdogo wake marehemu, alipita kuniletea viazi akanikuta nahangaika na mkono wa kushoto. Akauliza kama nimepatwa na kiharusi. Nikasema ni mazoezi. Akasema basi nifanye mazoezi ya kushona kifungo, shati langu nimelifunga kwa pini tumboni tangu msiba, aibu tupu, na kazi yangu ni mavazi! Nikamwambia pini ni imara kuliko kifungo. Akaanza kumenya viazi.

Barua nimezitia sandukuni langoni saa kumi. Mlinzi akauliza natafuta nini mle. Nikasema nyigu. Akasema hajawahi kuona nyigu hapo. Nikamwambia ndiyo maana natafuta.

Jumatano, 5 Machi

Kikao. Tulikuwa wanne: Mkurugenzi, Binti Tepu, mimi, na Shangazi. Huyu Shangazi ndiye mtangazaji wetu, shangazi wa watoto wa nchi nzima, nyumbani kwake hana hata paka.

Mkurugenzi akafungua kwa kusema mgongo ni mgongo. Shangazi akasema watoto hawatazami mgongo, wanatazama picha za kitabuni, wanaotazama mgongo ni baba zao. Mkurugenzi akakohoa. Akapendekeza magoti yafunikwe. Binti Tepu akauliza kwa upole golikipa wa Ijumaa hii tumfanyeje, maana kazi yake ni ya kaptura. Mkurugenzi akasema magoti ya mpira ni magoti ya kazi. Shangazi akataka kujua kama mgongo wa mwimbaji si mgongo wa kazi. Nusu saa ikapita hapo. Mwishowe tukakubaliana kwamba mpiga mbizi akija asije na vazi la kuogelea, ila hakuna anayemfahamu mpiga mbizi.

Ndipo zikasomwa barua. Zangu! Mkurugenzi akazisoma kwa sauti nzito, nikatazama dari kama mtu asiyehusika. Alipofika ya nne Shangazi akainua mkono. Akasema jambo la ajabu, huyu Baba wa Mapacha anasifu matundu ya vifungo yaliyoshonwa kwa mkono. Na Bibi Mlezi pia. Na Mama Mwenye Uchungu anasifu bitana. Mzazi gani ameona bitana ya koti kwenye televisheni?

Nikapaliwa na chai. Binti Tepu akanipigapiga mgongoni, akasema taratibu kwamba siku hizi televisheni zinaonyesha vizuri sana.

Kwa nini alinisaidia? Hapana. Hakuna msaada wa bure.

Lakini ngoja. Mkurugenzi amezisadiki barua. Amezisadiki kupita kiasi! Wazazi kumi wenye hasira, akasema, si mchezo. Kuanzia Ijumaa vazi moja rasmi kwa wageni wote: joho jipya la buluu lenye nembo ya kituo. Na koti? Koti zee, akasema, liende stoo.

Nimejipalia makaa kwa mkono wangu. Kwa mikono yote miwili, maana moja niliandika kwa kushoto.

Alhamisi, 6 Machi

Joho limefika. Limenyooka kama karatasi, halina hata mfuko. Shetani wa buluu.

Nikapata wazo. Binti Tepu alipotoka kula, nikalichemsha. Maji ya moto, sabuni ya kipande, dakika arobaini. Lisinyae, limkatae golikipa, Mkurugenzi apige magoti kuomba koti. Nikalianika nyuma, nikalipiga pasi, nikalipima kwa macho. Halikusinyaa! Ila rangi imepauka, imekuwa kama anga baada ya mvua. Shangazi akaliona akapiga vigelegele, akasema sasa ndiyo rangi ya watoto, na nani aliyekuwa na akili hiyo? Mkurugenzi akampongeza Binti Tepu. Binti Tepu akanitazama mimi, akatazama vidole vyangu vilivyokunjamana kwa maji, akasema asante.

Amepokea sifa zangu mchana kweupe!

Lakini hilo si kubwa. Saa kumi na nusu nimemwona dirishani akitoka langoni na mfuko mkubwa. Mdomoni mwa mfuko kulichungulia kitu cha njano. Nikakimbilia stoo. Hanga tupu.

Nimekaa kwenye kiti cha marehemu, ambacho sikuwahi kukikalia. Ni kifupi. Aliniambia mara nyingi kiti hiki kinamuumiza magoti, nikamwambia nitakitafutia mto. Miaka minne nilikuwa naenda kuutafuta.

Kastabini imo mfukoni mwa koti. Imekwenda.

Ijumaa, 7 Machi

Siku ya hukumu. Niandike kwa mpangilio.

Golikipa alifika saa tatu, mabega kama kabati la milango miwili. Mtu mpole. Alimsalimia kila mmoja kwa mikono miwili. Binti Tepu akamvika joho, likaingia kwa taabu. Limesinyaa! Macho yangu ndiyo yaliyonidanganya jana. Nikafurahi. Kisha nikaogopa.

Watoto ishirini wameketi kwenye mkeka, kamera zinawaka. Mtoto mmoja akauliza kipa anadakaje mpira wa juu. Golikipa hakujibu kwa maneno. Aliruka.

Joho likapasuka kuanzia kwapani hadi nyongani, mlio kama bati linalokatwa. Ndani kavaa fulana yenye tangazo la bia, chupa kubwa, povu na kila kitu. Watoto wakashangilia. Mkurugenzi akapiga kelele kamera zizimwe, kisha akapiga kelele nyingine: koti liko wapi?

Nikaona saa yangu imefika. Nikasimama katikati ya studio, mbele ya watu wote, nikasema wamuulize huyo binti. Nikasema nimemwona kwa macho yangu akitoka nalo. Nikatumia neno wizi. Nikalitumia mara mbili.

Binti Tepu hakujitetea. Akainama chini ya meza, akafungua mfuko wake, akalitoa koti. Kiwiko kimewekewa kiraka cha njano ile ile. Kwapani na mgongoni ameongeza vipande vya kitambaa, mshono kwa mkono, mdogo, wa kubana. Akasema kwa sauti ya chini kwamba tangu Jumatatu alilipima akaona halitamtosha golikipa. Juzi likapelekwa stoo, lakini akasema liwe tayari tu, joho haliaminiki. Jana alilimalizia nyumbani kwa mama yake kwa sababu hapa, akasema, baba huumia akiona mtu mwingine analishika.

Nilitamani sakafu ya studio inimeze.

Golikipa akalivaa. Likamkaa kana kwamba limezaliwa naye. Watoto wakahesabu: moja, mbili, tatu, hadi saba. Akafungua kitabu, akatia mkono mfuko wa kushoto, akatoa kastabini. Haikuwa imeondoka. Akaigeuza kwenye kidole chake kinene, akawauliza watoto ni nini. Kofia ya panya, akasema mmoja. Kikombe cha sisimizi. Shangazi hakujua. Golikipa hakujua. Shangazi akageuka, akasema babu wa mavazi lazima anajua, njoo, babu.

Nikaingia mbele ya kamera. Sijui nilisema nini chote. Nilisema ni ya fundi aliyeshona koti. Nilisema kidole chake cha kati kilikuwa na alama ya duara, na jioni nilikuwa nakisugua, na alama haikutoka. Mtoto wa mbele akauliza fundi mwenyewe yuko wapi. Nikasema amemaliza kazi. Akasema sawa, tusome.

Sijamwomba radhi Binti Tepu. Nilimtafuta. Nilimkuta anashona. Nikasema uzi huo ni mzuri. Akasema ndiyo, baba.

Jumapili, 9 Machi

Kipindi tulichorekodi Ijumaa kimeonyeshwa saa nne asubuhi. Shemeji alikuja kutazama kwangu. Nilipotokea kwenye kioo alilia. Halafu akafuta macho akasema pini inaonekana. Nikasema haionekani. Akasema inameta, shemeji, inameta kama taa ya baiskeli, na chini yake kitovu kinachungulia.

Jumatatu, 10 Machi

Barua kumi na nne. Za kweli! Nne zinasifu. Kumi zinauliza mzee yule mwenye pini tumboni ni nani, na je, kituo hakina viwango vya mavazi mbele ya watoto? Kuna moja inasema afadhali mgongo wa mwimbaji.

Mkurugenzi ameitisha kikao Alhamisi. Koti libaki, amesema, hilo halina mjadala tena, watoto wamelidai. Mjadala ni mimi. Anaona nifanye kazi za stoo, mbali na kamera na mbali na koti.

Jumanne, 11 Machi

Binti Tepu ameniambia nivue shati. Nikauliza kwa nini. Akasema vua tu, baba. Nimekaa na singlendi nusu saa nzima, nimejifunika gazeti, naye akashona kifungo na kulirudia tundu lake kwa mkono. Alivaa kastabini ya marehemu. Ilimwenea.

Akiwa anakata uzi akasema, bila kunitazama, kwamba anaujua mwandiko wangu kwenye vibandiko vya hanga zote. Akasema nikiwahi kuandika tena kwa niaba ya wazazi, nisiguse matundu ya vifungo. Au nisiandike kabisa, hilo ndilo bora, niongee tu na Mkurugenzi kwa mdomo wangu.

Ushauri mzuri mno. Na kifungo ni cha kahawia. Shati ni jeupe. Kwa nini kahawia? Nalifikiria hilo.

Jumatano, 12 Machi

Kikao ni kesho. Kumi kwa nne haitoshi.

Nimeandika saba. Kalamu mpya. Baba wa Mapacha anasema mzee yule ni nadhifu kupindukia na asiondolewe karibu na koti. Mama Mwenye Uchungu amepona uchungu. Matundu ya vifungo nilikusudia kuyaacha, lakini kazi nzuri ni kazi nzuri, na Bibi Mlezi hawezi kunyamaza: amesema tundu jipya la shati la mzee limeshonwa kwa mkono, mshono mdogo, wa kubana, na kifungo cha kahawia kinapendeza.

Barua ya saba nimeiandika polepole, kwa mkono wa kulia. Ni ya mzazi asiyetaka kutajwa. Anasema kipindi alikipenda. Anasema pia kwamba yule binti wa tepu shingoni, ambaye haonyeshwi kamwe kwenye televisheni, hakuiba kitu, na mzee aliyemwita mwizi mara mbili anajuta mara mbili, na mto wa kiti chake umeshanunuliwa, uko kabatini, rafu ya chini.

Nimeitia sandukuni pamoja na zile nyingine. Hapo hakuna atakayejua ni mimi.

Mlinzi ameuliza kama nyigu wamerudi.