Leseni ya Protini

Wizara ya Usafirishaji ilitangaza, kwa fahari na unyenyekevu, kwamba kuanzia Jumatatu hakuna protini itakayoruhusiwa kusafiri ndani ya seli yoyote, wala kutoka nje yake, bila leseni. Idara ya Magereza iliposikia neno seli ilidai kazi hiyo ni yake. Ikajibiwa kwa adabu kwamba seli zinazozungumziwa hazina nondo.

Aliyebuni amri hiyo alikuwa Mkurugenzi wa Ukaguzi, mtu mnene wa cheo na mwembamba wa subira. Wazo lilimjia mezani kwake, siku alipomuuliza shemeji yake, mdogo wa mkewe, anafanya utafiti wa nini hasa. Shemeji akajibu kwamba anachunguza usafirishaji wa protini. Mkurugenzi aliweka kijiko chini. Maisha yake yote ya kazi yalikuwa usafirishaji, na kumbe ndani ya ukoo mlikuwa na msafirishaji asiye na kibali.

Jumatatu asubuhi aliingia maabara pamoja na Mkaguzi, mtumishi mtiifu kupita kiasi, aliyebeba utepe mwekundu wa kufungia mali.

"Karibu, shemeji," mtafiti alisema. "Dada hajambo?"

"Hajambo. Ila hapa mimi si shemeji, mimi ni Serikali. Magari yako wapi?"

Akaonyeshwa hadubini. Aliinama, akafumba jicho moja. Kwenye giza aliona seli ya tezi ya mate, na ndani yake vinukta vya kijani vikitambaa kwenda ukingoni.

"Kila kinukta ni kifuko," mtafiti alieleza. "Protini inatengenezwa ndani, inapakiwa kwenye kifuko, kifuko kinafika ukingoni na kumwaga mzigo nje. Ndiyo inayoingia kwenye mate."

"Kinamwaga nje," Mkurugenzi alirudia. "Bila kupita forodhani."

"Kuna wagonjwa midomo imewakauka, kumeza kipande cha mkate tu ni mateso. Nadhani vifuko vyao vinakwama njiani. Ndiyo kwanza naanza kuona vinakwama wapi."

"Foleni. Nilijua tu. Na dereva ni nani?"

"Hakuna dereva."

Mkaguzi alishika kifua.

Mkurugenzi aligeukia kabati la joto ambamo seli zilikuwa zikiishi, akanyoosha kidole kuelekea mlango wake. Mtafiti alikwenda kusimama mbele ya mlango huo. Sauti yake ilikuwa tulivu.

"Ukifunga hapa nisiweze kuzilisha, zitakufa zote. Nimezilea kama watoto, shemeji."

"Ziombe leseni kama wenzao."

"Wenzao wepi? Amri inahusu seli zote, au zangu tu?"

"Zote," Mkurugenzi alijibu kwa majivuno. "Sheria haina shemeji."

Mtafiti alifikiri kidogo, kisha akatoka hadi meza ya chai iliyokuwa kwenye ukumbi wa nje. Alirudi na limau na kisu, akasimama kizingitini, akalikata taratibu. Maji yalichuruzika kwenye vidole vyake. Mkurugenzi alitazama kando, akatazama tena. Koo lake likapanda, likashuka.

Mkaguzi alikuwa akimwangalia.

"Samahani, mheshimiwa. Umemeza nini?"

"Mate tu."

"Yametoka wapi?"

Mkurugenzi alijigusa shavu.

"Leseni unayo?"

Amri ilikuwa haimsamehe mtu yeyote. Mkurugenzi mwenyewe ndiye aliyeiandika hivyo, na Mkaguzi alikuwa ameisoma hadi nukta ya mwisho. Alikata utepe, akaomba radhi, akaubandika kwenye mdomo wa mkubwa wake kwa uangalifu ili asiumize masharubu.

"Na kabati langu?" mtafiti aliuliza.

"Kabati hufungwa kwa tamko la Mkurugenzi. Tamko hutoka mdomoni, na mdomo uko chini ya zuio mpaka upate leseni."

"Leseni anatoa nani?"

"Mkurugenzi. Kwa tamko."

Mchana ule Mkurugenzi aliongoza kikao cha wizara akiwa na utepe wake. Kiliisha kabla chai haijapoa. Mambo yaliyokuwa yakijadiliwa tangu masika yalipitishwa yote, na watu wakapeana mikono. Waziri alikuja kuona maajabu hayo. Alipoelezwa na Mkaguzi kisa kizima alicheka akajishika mbavu, akacheka mpaka machozi yakamtiririka mashavuni.

Mkaguzi alitoa simu, akampigia mtafiti.

"Dada, samahani kukusumbua. Machozi nayo yana protini?"

Mtafiti alikuwa ameinamia hadubini. Vinukta vilikuwa vikitambaa, na kimoja kilikuwa kimekwama mahali alipopashuku siku nyingi. Hakutaka kupoteza muda.

"Tele," alisema.

Waziri aliacha kucheka. Chini ya utepe, Mkurugenzi alianza.