Filbert wa Stendi na Vita vya Ng'ombe Asiyeandikika

Nyamazeni, enyi wauza vitunguu wa sokoni! Zimeni injini, enyi madereva wa bajaji! Nanyi wa Bonga mliokuja mjini kwa shughuli zenu, tueni mizigo msikie habari za Filbert mwana wa Paskasi, fundi wa simu na kompyuta, simba wa bisibisi, aliyeketi kibandani kwake karibu na stendi ya Babati asubuhi ya siku ya mwisho ya Desemba, ili autangazie ulimwengu maendeleo ya mwaka mzima.

Huyu ndiye aliyeunda Zizi, programu ya simu ya kutunzia kumbukumbu za mifugo: nani kazaliwa, nani kachanjwa, nani anakaribia kuzaa. Na kwa ukarimu usio na mfano akaifanya huria, akaumwaga mtandaoni msimbo wake wote, yale maandishi yanayoiendesha, na juu yake akaandika: "Njooni nyote, someni, rekebisheni, changieni." Miradi ya namna hiyo hutoa taarifa kila mwaka unapoisha. Basi Filbert akakaza kofia, akafungua kompyuta, akakumbuka.

Akakumbuka Februari, alipokigeuza kitufe cha kijani kikawa cha kijani zaidi. Akakumbuka Mei na Juni, majuma sita ya kupigana na nembo yenye pembe mbili zilizokataa kulingana. Akakumbuka Agosti, alipokirudisha kitufe kwenye kijani chake cha kwanza. Baada ya hapo hakukumbuka kitu, na moyo wa shujaa ukanywea.

Ndipo akaingia Lukresia, Mama Alois wa Sigino, mtumiaji mkuu wa Zizi. Watumiaji wengine walikuwa watano, na wanne kati yao walikuwa Filbert mwenyewe, kwenye simu za majaribio.

"Shikamoo, Mama Alois."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukuaga. Narudi kwenye daftari."

Filbert akasimama, akainua mkono kama mhutubiaji. "Daftari, mama? Daftari linalolowa mvua, linalotafunwa na panya? Zizi imekukosea nini hata uikimbie?"

"Nikiandika ng'ombe, inazima. Nikifika tu kwenye kile kialama cha juu, simu inarudi mwanzo. Nilikwambia Januari, ukasema ni jambo dogo. Basi ng'ombe wangu Malkia nikamwandika kuwa mbuzi. Mwaka mzima nahimizwa chanjo za mbuzi. Jana imenipongeza, eti mbuzi wangu anatoa lita kumi na mbili za maziwa! Baba Alois alicheka mpaka akakaa chini. Sasa niambie, programu ya mifugo isiyoweza kuandika ng'ombe ni ya kazi gani?"

Filbert akaona kwamba mama huyu akitoka mlangoni, Zizi imekufa, na aibu ikamchoma kuliko waya wa kuchomelea.

"Nipe muda, mama. Leo ama mimi, ama ritifaa, hicho kialama chako cha juu."

Akaingia vitani. Tangu saa tatu hadi saa saba aliiwinda alama ile ndogo kuliko mguu wa sisimizi, akipenya mistari ya msimbo kama mtu aliyepotea katika mahindi marefu. Alipoifunga hapa, ilitokea kule. Safari moja ng'ombe aliingia kweli, ila mbuzi na kondoo wote wakatoweka. Jasho likamtoka. Mama Alois akavua viatu, akangoja.

Ndipo Hadija, binti Mujahid wa duka la vitenge la jirani, akaleta chai. "Mbona kimya hivi, kuna msiba?"

Wakamweleza. Hadija akaweka chupa mezani polepole.

"Kaka Filbert, umewahi kufungua ukurasa wa michango?"

"Michango gani?"

"Si uliandika njooni nyote? Mimi nilikuja. Aprili. Chuoni nilisoma mambo hayo, kabla baba hajaniita dukani."

Filbert akafungua ukurasa ambao hakuwahi kuukanyaga. Mchango ulikuwepo, mmoja, mistari miwili ya msimbo na maneno haya: "Ng'ombe sasa anaandikika. Tafadhali angalia." Chini yake, Juni: "Umeona?" Na Septemba: "Bado nipo."

Masikio yakamwaka moto. "Lakini duka lenu liko hatua kumi tu! Mbona hukuniambia?"

"Nilikuona na ile nembo. Sikutaka kukusumbua."

Hapo, enyi wasikilizaji, likatendeka tendo lenyewe. Filbert akanyoosha kidole, kidole cha majemadari, kikashuka juu ya neno "Pokea", kikabonyeza mara moja. Mama Alois akapakua toleo jipya, akaanza kuandika huku wote watatu wamebana pumzi. N. G. Ritifaa. Simu ikasimama imara. Ombe!

Mama Alois akapiga kigelegele, wapiga debe wa stendi wakageuka. "Malkia si mbuzi tena! Daftari likae hukohuko!"

Filbert akayaacha ya kitufe, akayaacha ya nembo, akaandika taarifa ya mwaka kwa mstari mmoja: "Mwaka huu ng'ombe ameandikika. Kazi ya Hadija Mujahid."

Hadija akachungulia. "Ongeza kwamba kubonyeza kumechukua miezi minane."

Akaongeza. Na hivyo, saa tisa alasiri, ushindi mkuu wa Babati ukatangazwa kwa mataifa yote ya dunia, ukasomwa papo hapo na watu wawili, wote wamesimama nyuma ya kiti chake.