Sala Fupi ya Mchungaji Musili

Enyi watu wa Kola, na ninyi wa Tala mliotoka sokoni na magunia yenu, na hata ninyi wa Athi River mliozoea ngurumo za mitambo ya saruji, tueni mlichobeba, mkae kitako, mtege masikio. Kwani hapa panasimuliwa tendo ambalo halikuwahi kutendwa katika ukoo wa marehemu mzee Ngui tangu ukoo huo ulipojifunza kusoma Biblia, wala walio hai hawakutumaini kulishuhudia upande huu wa kaburi. Naye Mwenyezi amjalie msimulizi ulimi mwepesi, maana habari yenyewe ni ya mtu ambaye ulimi wake ulikuwa mzigo kwa taifa.

Mtu huyo ni Mchungaji Musili, mwana wa Kalunde, Mvuka-Majangwa, Mfasiri wa Injili, Mchosha-Vipaza-Sauti, aliyetumika miaka saba kama mmisionari huko Sudan Kusini, na ambaye sasa kanisa lilikuwa limempa miezi mitatu ya kupumzika nyumbani kabla ya kumtuma Chad. Alishuka Kola na mkewe Nthambi na binti yao Kavutha wa miaka kumi na mmoja, wakafikia kwa mama yake mzazi. Huko alikotoka Musili alikuwa mtu wa kutajwa: alivuka mto uliofurika huku amejitwisha mashine ya kuchapa, akapatanisha koo mbili zilizogombea kisima, akalala na homa mara tisa na mara tisa akaamka. Lakini nyumbani kwa mama yake, shujaa huyu hakujua tena sufuria zinakaa wapi, ng'ombe walimkwepa, na kila asubuhi aliulizwa kwa upole, kama mgeni, iwapo angependa maji ya moto.

Mwenye kujua yote hayo alikuwa Mutinda, mdogo wake, aliyebaki. Mutinda ndiye aliyelima, aliyejenga tangi la maji, aliyempeleka mama kliniki ya presha kila mwezi; na baba yao mzee Ngui alipofariki wakati Musili yuko ng'ambo ya mito iliyofurika, ni Mutinda aliyechimba, akazika, akalisha waombolezaji siku nne. Kanisani hakuonekana sana. Jumapili yake aliitumia kwa ng'ombe wake, na mara mojamoja kwa pombe ya asali.

Basi Musili, alipojikagua na kuona hana jembe wala tangi la kujivunia, alishika silaha pekee aliyoijua, nayo ni sala. Na sala yake haikuwa sala ya mzaha. Miaka saba ya kusimama na mkalimani ilikuwa imemfundisha kusema kila jambo mara mbili, ili likipotea la kwanza libaki la pili, na sasa, ijapokuwa mkalimani alibaki Sudan, mara mbili zilibaki. Kule Tala alialikwa kubariki duka la misumari na mabati, akaanza wateja wakiwa kumi na wanne, akafumbua macho wakiwa wawili, na mmoja wa hao wawili alikuwa mlinzi. Mezani kwa mama yake aliombea mvua, wajane, madaraja, wasafiri wa angani na wa majini, na mataifa ambayo Kavutha alikuja kuyatafuta baadaye kwenye ramani na mengine asiyaone. Chakula kilipoa. Ugali uliota ngozi. Hakuna aliyenung'unika, kwa kuwa ni nani atakayemnung'unikia mtumishi wa Bwana aliye likizoni?

Hata ilipofika jioni ya tatu, msiba ukaanguka. Musili, akiwa amepanda juu sana katika sala na hewa ya huko imeshaanza kumlewesha, alimwomba Mungu amkumbuke ndugu yake Mutinda, aliyeketi papo hapo mkono wake wa kuume. Aliyeuacha ushirika wa watakatifu. Aliyeuacha, ee Bwana, ushirika wa watakatifu. Na kufuata harufu ya mzinga. Yote mawili, tena mara mbilimbili, mbele ya mama na mbele ya mtoto. Mutinda alisubiri Amina, kwa maana alilelewa vizuri, kisha akabeba sahani yake akaenda kula zizini. Akala huko kesho yake, na kesho kutwa, na wiki zikafika tisa.

Wiki ya kumi, zikiwa zimebaki siku kumi na tano tu kabla ya ndege ya Chad, zikihesabika kwa vidole vya mikono na mguu mmoja, Kalunde mama wa wawili alimwita mwanawe mkubwa jikoni, akamketisha kwenye kigoda, akanena.

"Musili, mimi nilizaa wawili, na hao wawili walikula sahani moja mpaka wakaota ndevu. Sasa mmoja anakula na mimi, na mwingine anakula na ng'ombe. Ng'ombe hana ubaya, lakini sikumzaa. Wewe utaenda Chad, na mimi niko na miaka sabini na tisa. Jumamosi nachinja jogoo. Nataka wote wawili mezani."

Musili akataka kujibu kwa aya za Maandiko, lakini mama alikuwa ameshageukia moto. Mutinda naye alipopelekewa mwaliko hakukataa. Alituma neno kwamba atakuja, ila sala ikizidi dakika moja atabeba sahani yake, na zizini atakula hata Krismasi.

Dakika moja. Wako majemadari waliopewa jeshi la watu mia kulikabili jeshi la elfu; Musili aliona afadhali yao kuliko yake. Siku mbili hakulala vizuri. Siku ya Alhamisi alimchukua Nthambi mpaka katikati ya shamba la mbaazi, mahali pasipo na masikio, akamkabidhi simu ili ampimie muda, akasimama wima, akafumba macho, akashambulia. Dakika tisa, alikuwa amefika Misri na Farao bado mgumu. Akashambulia tena. Dakika nane na nusu, kwa kuwa safari hii alianza kwa kumsihi Bwana kwa kirefu ampe kipawa cha ufupi. Mara ya tatu aliwaacha marais wote na nusu ya wajane, akaanguka dakika ya sita, jasho likimtiririka kama aliyepakua lori la saruji.

Nthambi, Mwamuzi Asiyeogopa Vyeo, aliizima simu.

"Baba Kavutha," akasema, "hapa hakuna mkalimani. Unaongea na nani?"

Mvuka-Majangwa akaketi kwenye tuta. Na kwa mara ya kwanza tangu wateremke Kola aliongea bila kurudia. Alimwambia mkewe kwamba katika nyumba ile kila kitu anachokigusa kina jasho la Mutinda: bomba, bati, ng'ombe, hata kaburi la baba, kwamba yeye amerudi na maneno tu, na mtu aliyerudi na maneno tu huyamwaga mengi, asije akaonekana mikono mitupu. Akasema kwamba usiku wa mazishi alikuwa ng'ambo ya mto, akahubiri saa mbili kwa watu ambao hawakumjua baba yake, kwa sababu hakujua la kufanya.

Nthambi hakumbembeleza. Alichuma mbaazi mbili tatu, akazitia mfukoni.

"Basi mwambie hivyo," akasema. "Uache Farao."

Jumamosi ikawadia, saa saba mchana, jua limesimama juu ya vilima vya Kola kama mtazamaji aliyewahi kiti. Mezani palikuwa na muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa yakachemshwa na mbaazi, na jogoo ndani ya mchuzi wake, mvuke ukipanda. Mutinda aliingia ameoga, amevaa shati la mazishi ya baba yake, akaketi karibu na mlango, mkono mmoja umeshika ukingo wa sahani tayari kwa kuhama. Kavutha aliitazama saa ya ukutani. Mama alifumba macho mapema, kama abiria aliyejua safari ni ndefu.

Musili akasimama, na tazameni, majeshi yakamjia. Yalikuja mataifa ya Kaskazini na bendera zao, yakaja madaraja, wakaja wajane waliofukuzwa Alhamisi wakidai nafasi zao. Alikuja Musa na fimbo, ikaja Zaburi ndefu kuliko zote, na nyuma kabisa, ikinguruma, ilikuja ile habari ya ushirika wa watakatifu, nayo ilikuwa na hamu. Yote yalisongamana nyuma ya meno yake. Mshipa ukamtutumka shingoni. Akashika mgongo wa kiti kwa mikono miwili, akafungua kinywa nafasi ya upana wa kidole, na kupitia nafasi hiyo akatoa yaliyohitajika peke yake.

"Ee Mungu Baba yetu, asante kwa chakula hiki, na kwa Mutinda aliyemtunza mama yetu. Amina."

Akaketi.

Hakuna aliyetikisika. Mama alibaki amefumba macho, akingoja Misri. Nthambi alikuwa ameinamisha kichwa, na Kavutha aliitazama saa, akamtazama baba yake, akairudia saa, kwa kuwa mshale wa sekunde ulikuwa haujafika hata robo ya duara. Kuku nje wakasikika wakiparua. Ndipo Mutinda alipofumbua jicho moja.

"Imeisha?"

"Imeisha," akasema Musili.

Mutinda akaondoa mkono kwenye ukingo wa sahani, akasema Amina, kwa sauti ya mtu anayejaribu kiatu alichokuwa hajakivaa siku nyingi. Kisha akaichukua firigisi, ambayo kwa haki ya mwenye mji ilikuwa yake na mama alikuwa ameshamwekea, akaikata katikati kwa kisu, akasukuma nusu moja mpaka kwenye sahani ya kaka yake. Musili, ambaye aliwahi kutoa hotuba ya shukrani kwa kupewa kikombe cha maji, hakusema kitu. Alikula, na ilimbidi ainamie sahani kwa muda.

Walipofika kwenye mifupa, Mutinda aliuliza jambo ambalo hakuwahi kuliuliza kwa miaka saba ya Sudan.

"Mwana wa mama, huko Chad watu wanalima nini?"

Lango likafunguka mbele ya Musili, na nyuma ya lango palikuwa na mavuno ya roho, shamba la Bwana, wapanzi na mbegu, yote yameiva, yanamwita kwa jina. Akalitazama lango hilo, akalirudishia.

"Mtama," akasema. "Na mvua yao ni haba kuliko ya huku. Mimi sijui mtama. Ungekuwa wewe, ungeanzia wapi?"

Mutinda akasogeza kiti chake mbali na mlango, akaweka viwiko mezani, akaanza na udongo. Alieleza mashimo ya kukinga maji, alieleza samadi, alieleza ndege waharibifu na namna ya kuwadanganya, na ilipofika saa kumi alikuwa hajamaliza. Wala hapana mtu aliyethubutu kumkatiza, na mtumishi wa Bwana aliandika kila neno.

Basi waandike waandikao, na wachonge wachongao. Yametekwa mataifa kwa mizinga na miji kwa njaa, lakini nyumba ya Kalunde, Jumamosi ile, ilitekwa kwa maneno kumi na tano, Amina ikiwa ndani ya hesabu. Na kuhusu jemadari aliyeiteka, ingawa kesho yake kanisani alihubiri saa mbili na robo mpaka watoto wakabebwa nje mmojammoja, iandikwe katika vitabu vya wakuu kwamba siku moja ya maisha yake, mbele ya mashahidi wanne na jogoo mmoja, Musili wa Kalunde alijua pa kuishia.