Chumba cha Rediet Kitakuwa Tayari Tarehe Sita

Jumatano, 28 Nehase

Mvua tangu alfajiri. Addis Ababa nzima matope. Wakati wa chakula binti yangu Rediet, mwenye miaka kumi na saba, ametangaza vita. Kwa adabu, lakini ni vita. Amesema Mwaka wetu Mpya ukiingia wiki ijayo anaanza darasa la kumi na mbili, mtihani wa taifa unamngoja, na chumbani kwake hakuna pa kuweka hata kiwiko: kuna magunia mawili ya nafaka ya tefu, pilipili za mama yake na baiskeli yangu isiyo na gurudumu la mbele. Anataka vitu vitatu tu. Meza. Taa. Mlango unaofunga, maana kitasa kimekufa tangu mwaka juzi. La sivyo, siku ya Mwaka Mpya, tukishakula, ataondoka na mama yake mdogo Tsige, akakae kwao mpaka mtihani uishe.

Kwa Tsige! Maana yake kwa Wondwosen, mume wa Tsige, mwanyumba wangu. Mtu aliyemtengenezea mwanawe dari la jipsamu lenye umbo la ua, na ndani ya ua taa za rangi saba. Picha alinitumia bila kuombwa. Chini yake aliandika kwamba watoto wa siku hizi wanahitaji mazingira. Tangu siku ile silipendi neno mazingira.

Meza na taa? Mimi nimpe mtoto meza na Wondwosen ampe mbingu? Haiwezekani. Kabla kahawa haijaiva nilikuwa na mpango: kitanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, ngazi pembeni, meza chini yake, kuta za zambarau, taa za rangi nane. Nane! Rediet sijamuuliza. Zawadi haiulizwi.

Alhamisi, 29 Nehase

Sikukuu ikikaribia, seremala huwa adimu kuliko askofu. Wa kwanza alisema labda baada ya sikukuu ya Msalaba. Wa pili alisema hivyo hivyo. Wa tatu alicheka. Wa nne, Lemma, mwenye karakana nyuma ya kinu cha pilipili, hakusita hata kidogo. Nilimwambia nataka kitanda ndani ya Pagume, mwezi wetu mdogo wa kumi na tatu, yale makombo ya mwaka. Akapima hewa kwa mikono miwili. Akasema, "Gashe Zewdu, tarehe sita Pagume utakiona mlangoni kwako. Nikikosa, Malaika Rufaeli aunyaushe mkono huu." Gashe, kaniita, kama mtu amwitavyo kaka yake mkubwa. Heshima kama hiyo Wondwosen hana.

Shida ni mbao. Lemma alisema mjini hakuna mbao kavu. Akauliza kama nyumbani sina kipande kipana, kinyoofu, cha kufanyia uso wa meza. Nikawaza. Nikaukumbuka mlango wa chumba cha Rediet. Mti mgumu, haujapinda popote. Mlango mwingine utapatikana baadaye. Kwani familia inayopendana inafichana nini?

Jumamosi, 1 Pagume

Mlango umeondoka mgongoni kwa mchukuzi. Mke wangu Yeshi alisimama na mwiko mkononi, akauliza kama akili zangu nazo nimempa seremala. Nikamweleza habari ya uso wa meza. Akasema mtoto aliomba meza na mlango, na mimi nimeifanya meza imle mlango. Yeshi ni mwanamke mwema, ila haoni mbali.

Kitanda cha zamani nacho kimekwenda. Yule mnunuzi wa vitu chakavu anayepita chini ya ghorofa akipiga kelele amekichukua na kuniachia mabeseni mawili ya plastiki. Moja la kijani. Rediet atalala sebuleni kwenye godoro, kando ya magunia ya tefu na baiskeli, nilivyovihamishia huko. Nikamwambia avumilie, tarehe sita si mbali. Akanitazama. Akauliza, sita ya mwezi gani? Nikamjibu Pagume, kwani kuna mwezi gani mwingine hapa? Akafungua mdomo, akaufunga, akasema, "Haya, baba." Alitabasamu kidogo. Nilijua tu atafurahi.

Jumapili, 2 Pagume

Baada ya kanisa nilimpigia Wondwosen simu na kumwalika rasmi. Nilimwambia aje na Tsige siku ya Mwaka Mpya, ale kuku, kisha aone chumba cha binti kinavyotakiwa kuwa. Akasema atakuja kwa moyo mkunjufu. Akasema pia amesikia mtoto analala na magunia. Nani kamwambia? Yeshi na Tsige huongea kila siku. Humu ndani kuna jasusi, na ndiye anayenipikia.

Taa za rangi nane nimezifunga mwenyewe. Zinawaka. Zinazima. Zinawaka tena. Karatasi ya maelezo imeandikwa Kichina, na kitufe cha kuzituliza hakionekani. Rediet alijaribu kusoma kemia chini yake. Ukurasa ukawa mwekundu, kijani, buluu, halafu giza. Aliinuka, akaenda kukaa kwenye ngazi za ghorofa, chini ya taa ya korido. Majirani walikuwa wanamruka ili wapite. Nilimwona kupitia upenyo wa mlango na moyo uliniuma, sitaficha. Lakini nilijituliza. Bado siku nne tu.

Jumatatu, 3 Pagume

Sikukuu ya Rufaeli. Mvua ya leo ni baraka, hata mlevi anajua. Saa sita mbingu zikafunguka, na jengo zima likashuka uani kuoga: watoto, wazee, Yeshi na kanga yake nyeupe, hata yule mama wa ghorofa ya pili asiyeongea na mtu. Rediet alishuka na kitabu ndani ya mfuko wa nailoni.

Mimi nilibaki na rangi. Ndoo moja ya zambarau, kuta nne. Haitoshi. Ndipo wazo likaja, na nilipiga goti kabisa kushukuru. Maji ya Rufaeli! Niyachanganye kwenye rangi. Rangi itaongezeka, na chumba kitabarikiwa. Wondwosen anaweza kununua jipsamu, hawezi kununua hili. Nikatoa beseni la kijani dirishani, likajaa, nikamimina lote.

Ukuta wa kwanza ulipendeza kwa dakika tano. Kisha rangi ikaanza kutembea. Ilishuka polepole hadi sakafuni, ikaenda mpaka sebuleni, ikakutana na godoro. Yeshi aliporudi, amelowa na amebarikiwa, baraka ziliisha pale pale mlangoni. Alisema Rufaeli huponya macho ya vipofu, basi angeanza na mimi. Nimemwambia mistari ile ni mtindo wa kisasa. Maji yakimwagika hayazoleki, rangi ndiyo kabisa.

Jumanne, 4 Pagume

Asubuhi nilikuwa na furaha. Nikasema kwa sauti, wakati wa chai, kwamba keshokutwa ni tarehe sita na mtaniomba radhi nyote.

Rediet aliinuka, akaiangua kalenda ya ukutani, akaiweka mapajani mwangu. Nikatazama. Pagume moja, mbili, tatu, nne, tano. Kisha Meskerem moja, Mwaka Mpya. Nikageuza karatasi, pengine sita imeandikwa nyuma. Nyuma kuna picha ya ng'ombe.

Nilisema mchapaji amekosea. Nikabisha kwa jirani kuangalia kalenda yake. Tano. Nikashuka kwa mwenye duka. Tano. Nikaenda mpaka kanisani, na shemasi, kijana mwenye ndevu tatu, akanieleza taratibu, kama anavyowaeleza watoto wa shule ya Jumapili, kwamba Pagume ina siku tano, na ya sita huja mara moja tu kila miaka minne. Ya mwisho ilikuwa mwaka juzi. Naikumbuka. Nililala mchana kutwa. Ndiyo maana nilijua sita ipo!

Nimemuuliza Rediet kwa nini hakuniambia tangu Jumamosi. Akasema alidhani ninamtania ili acheke. Akasema alikuwa amefurahi, kwa sababu sijamtania siku nyingi.

Jumatano, 5 Pagume

Karakanani tangu mapema. Imefungwa kwa mnyororo. Nje wamesimama wanaume sita. Mmoja anangoja kabati, mmoja kiti cha bibi yake, mmoja jeneza analojiwekea akiba. Wote wameahidiwa tarehe sita. Tuliangaliana, kisha kila mmoja akajifanya anapita tu.

Pembeni mama mmoja anauza shayiri ya kukaanga. Ameimwaga juu ya meza pana. Nikaitazama meza ile. Nikazitazama bawaba zake. Ni mlango wangu. Nikamuuliza kwa upole ameupata wapi. Akasema Lemma amemwazima mpaka arudi kutoka kwao, kaenda kula sikukuu na wazazi. Akaupigapiga kwa kiganja, akasema, "Mbao safi hii, Gashe, haitikisiki. Aliyeitoa hakujua alichokuwa nacho."

Ningeudai. Lakini ningesema mimi nani, na wale sita bado wananitazama? Nikanunua shayiri. Ni nzuri, ina karanga.

Alhamisi, 1 Meskerem

Mwaka Mpya. Majani mabichi sakafuni, harufu ya kahawa, mchuzi wa kuku. Wasichana wadogo wakaja na maua ya njano, wakatuimbia mlangoni, mlango wa nje, huo bado upo.

Wondwosen alikula vipande viwili vya kuku kabla ya kuomba kuonyeshwa. Hapakuwa na mlango wa kufungua. Alisimama tu pale penye uwazi. Chumba kitupu. Ukuta unaolia zambarau. Taa zinawaka, zinazima. Nilingoja anicheke. Hakucheka. Aliniwekea mkono begani, akasema, "Mwanyumba, umejitahidi." Afadhali angenipiga.

Begi la Rediet lilikuwa tayari tangu jana. Alimuuliza Tsige jambo moja tu: Mama mdogo, hicho chumba kina mlango? Tsige akasema kina, na ufunguo wake. Rediet akafumba macho kidogo, akavuta pumzi. Kisha akaniinamia, akanibusu mashavuni mara tatu, na kusema ningempa hata stuli na mshumaa angebaki. Amekwenda. Nyumba imepwaya. Yeshi anaosha vyombo kwa kishindo.

Nililia kidogo, kwenye kile chumba. Machozi yangu yalikuwa yanabadilika rangi.

Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Jioni Lemma alipiga simu kunitakia heri ya sikukuu. Nilimkaripia vya kutosha. Aliomba radhi, mkono wake haujanyauka, akasema safari hii atatengeneza kitanda cha duara, kinachozunguka, hata Wondwosen hajakiona. Rediet akimaliza mtihani akirudi, atakikuta. Yeshi alisema kutoka jikoni kwamba akimaliza mtihani anakwenda chuo kikuu. Yeshi haoni mbali.

Safari hii sikuwa mjinga. Nilimtaka Lemma aseme tarehe, na aiseme mara mbili. Amesema tarehe sita Pagume, ya mwaka huu mpya. Nimepiga hesabu mwenyewe: siku iliyorukwa mwaka uliokwisha jana lazima irudishwe mwaka huu, Kanisa halidhulumu mtu. Nimekubali. Amesema mbao bado hazipatikani, na kesho atamtuma mchukuzi aje kuuchukua mlango wa nje.